Radiali, ulna au kishimo cha gumba: uchague ateri ipi kwenye kifundo cha mkono?

Anayetafuta damu ya ateri mkononi ana milango mitatu. Wa kwanza ni ateri ya radiali kwenye kifundo, pale kila mtu anapoweka vidole kupima mapigo, upande wa kidole gumba. Wa pili ni ateri ya ulna, upande wa kidole cha mwisho. Wa tatu ni ateri ile ile ya radiali ikiwa imesogea mbele zaidi, ndani ya kishimo kinachojitokeza kwenye shina la gumba unapolinyoosha na kuliinua. Mwanafunzi wa udaktari, muuguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi, mtaalamu wa usingizi na hata mgonjwa aliyeambiwa kwamba moyo wake utachunguzwa kupitia mkononi, wote hufika kwenye swali hilo hilo: ipi?

Jibu linalotolewa haraka ni radiali. Mara nyingi ni sahihi, lakini asiyejua sababu zake hatatambua siku ambayo jibu limebadilika. Mimi naona swali lianzie upande wa pili: mkono huu unaweza kuikosa ateri ipi? Ateri yoyote inayochomwa au inayowekewa katheta, yaani mrija mwembamba, inaweza kuziba, na inayovunwa kwa ajili ya upasuaji huondolewa kabisa; hapo kiganja kitategemea kile kilichobaki.

Damu inavyofika kiganjani

Ateri kuu ya mkono, yaani brakiali, hugawanyika mbele ya kiwiko, kwenye usawa wa shingo ya mfupa wa radiasi. Kati ya matawi yake mawili, ulna kwa kawaida ndiyo nene zaidi inapoanzia. Haichelewi kutoa tawi linaloshuka kati ya mifupa miwili ya kigasha, na tawi hilo tutalihitaji baadaye. Radiali ni nyembamba kidogo, ila inashuka kwa mstari ulionyooka zaidi.

Kiganjani ateri hizi hukutana mara mbili. Tao la juujuu limelala nyuma tu ya utando mgumu wa kiganja. Hujengwa hasa na ulna, kisha tawi dogo la radiali hulikamilisha. Ukitanua gumba pembeni na kuchora mstari kutoka ukingo wake wa mbele kukatiza kiganja, umepata takriban mahali lilipo. Tao la ndani liko kama sentimita 1 nyuma ya hapo kuelekea kifundo, chini ya kano, juu ya mifupa ya kiganja. Hili hujengwa hasa na radiali, na tawi la ndani la ulna ndilo linalolikamilisha. Tao la juujuu hutoa ateri tatu zinazogawanyika kwenda kwenye vidole vinavyopakana. Gumba na upande wa kidole cha shahada unaotazama gumba kwa kawaida hupata ateri zao kutoka kwenye radiali. Mgongoni mwa kifundo kuna mtandao mwingine mdogo unaoshirikiana na yote mawili.

Picha hiyo ni ya vitabuni. Mwaka 1961 Coleman na Anson walichapisha uchunguzi wao wa mikono 650, wakakuta tao la juujuu limeungana kikamilifu katika asilimia 78.5 tu, ilhali tao la ndani lilikuwa kamili karibu katika mikono yote. Maana yake, takriban mkono mmoja kati ya mitano hauna muungano kamili wa juujuu. Hilo halimaanishi kwamba mkono huo umo hatarini, kwa kuwa tao la ndani, mtandao wa mgongoni na tawi la kati ya mifupa vipo pale pale, na baadhi ya watu wazima wamebaki na ateri ya katikati ya kigasha ambayo wengi huipoteza kabla ya kuzaliwa. Kinachofuata hapo ni kwamba huwezi kujua mkono fulani umejengwaje kwa kuusoma kitabuni. Itabidi uupime.

Vigezo vya kulinganisha

Kila mlango nitautazama kwa mambo yale yale. Kwanza, njia yake na kina chake, kwa sababu hapo ndipo urahisi wa kuchoma unapoamuliwa. Pili, upana wake ukilinganishwa na kifaa kinachoingizwa. Tatu, majirani: kuna neva gani kando yake, na nyuma yake kuna mfupa wa kukandamizia damu isimwagike? Nne, kinachobaki ikiziba. Tano, kama ateri hiyo ina kazi nyingine inayoisubiri siku za mbele. Kigezo hiki cha tano ndicho kinachosahaulika kuliko vyote, na kwa maoni yangu ndicho kinachopaswa kuulizwa mapema.

Radiali kwenye kifundo

*Njia na kina.* Katika theluthi ya mwisho ya kigasha ateri hii hutoka chini ya msuli uliokuwa ukiifunika, ikabaki na ngozi na utando tu juu yake. Unaipata kando ya kano inayokunja kifundo upande wa gumba, nje kidogo ya kano hiyo. Kasoro yake iko juu zaidi. Katika uchunguzi wa maiti, takriban mkono mmoja kati ya saba una radiali inayoanzia juu ya kiwiko, na mikono michache ina kitanzi kinachokataa waya unaoiongoza katheta kupita. Ndiyo maana katheta inaweza kuingia vizuri kifundoni kisha ikakwama karibu na kiwiko.

*Upana.* Kwa watu wazima wengi ni kati ya milimita 2 na 3. Kipimo cha French, kinachotumika kupima unene wa katheta, ni theluthi moja ya milimita, hivyo katheta ya 6 ina upana wa milimita 2. Ala, yaani mrija wa nje unaoipokea, huongeza unene wake, ikafika kama milimita 2.5 kwa nje. Kwa wanawake wengi na kwa watu wenye umbo dogo, ala hiyo inaijaza ateri kabisa. Ukuta wa radiali una misuli mingi laini, kwa hiyo hujikaza ukichokozwa. Mkazo huo ndio unaomfanya mgonjwa alalamike maumivu ya kigasha, na ndio sababu nitrogliserini au verapamili, dawa za kulegeza ukuta wa ateri, hudungwa kupitia ala.

*Majirani.* Hapa radiali inashinda waziwazi. Neva yenye jina kama lake huiacha sentimita kadhaa juu ya kifundo na kugeukia mgongoni, kwa hiyo mahali pa kuchoma hakuna neva kubwa inayogusana nayo. Nyuma yake kuna mwisho mpana wa mfupa wa radiasi. Ukiibana, inabanika.

*Kinachobaki.* Ulna na tao la juujuu. Utafiti wa Slogoff na wenzake wa 1983, wenye wagonjwa 1,699 waliowekewa kanula ya radiali, yaani mrija mfupi unaoachwa ndani ya ateri, ulikuta kuziba kwa sehemu au kabisa kwa zaidi ya robo yao baada ya kanula kutolewa, na hakuna aliyepata madhara ya mkono kukosa damu. Matokeo hayo yanatuliza, lakini kuziba kwenyewe ni hasara: mlango ule umefungwa kwa safari ijayo. Kwa uchunguzi wa moyo, heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) na kubana kwa kiasi kinachoacha damu iendelee kupita huku jeraha likifunga vimepunguza sana kuziba huko. Kubana mpaka mapigo yapotee kabisa ni desturi ya zamani inayofaa kuachwa.

*Kazi za baadaye.* Radiali ina wanaoihitaji wengi. Mwaka 1966 Brescia, Cimino na wenzao walieleza fistula inayounganisha radiali na vena ya kifundoni kwa ajili ya kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, na mpaka leo inahesabiwa miongoni mwa njia bora. Madaktari wa upasuaji wa moyo nao huivuna ili kuipandikiza moyoni iwe njia mpya ya damu kupita mahali palipoziba. Carpentier aliianzisha kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikaachwa kwa sababu ya kujikaza na kuziba, ikarudi miaka ya 1990. Uchambuzi wa pamoja wa majaribio sita uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba, baada ya miaka 5, waliopandikizwa radiali walikuwa na matatizo machache ya moyo kuliko waliopandikizwa vena ya mguu.

*Inamfaa nani?* Mgonjwa wa kawaida anayehitaji kipimo cha gesi za damu, kanula ya kufuatilia shinikizo, au uchunguzi wa moyo. Tangu Lucien Campeau wa Montreal aripoti wagonjwa wake 100 wa kwanza mwaka 1989, na Ferdinand Kiemeneij wa Amsterdam aanze kuweka stenti, yaani vibomba vya kuifungua mishipa ya moyo, kwa njia hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990, kifundo kimechukua nafasi ya kinena. Utafiti wa RIVAL wa 2011, wenye wagonjwa 7,021, ulionyesha madhara machache ya mishipa kifundoni kuliko kinenani.

Ulna kwenye kifundo

*Njia na kina.* Sehemu kubwa ya safari yake imefichwa chini ya misuli, na hata karibu na kifundo kano nene ya upande wa kidole cha mwisho huifunika kwa sehemu. Mapigo yake yapo, ila kwa watu wengi ni hafifu kidoleni. Anayeichoma huitafuta juu kidogo ya mkunjo wa kifundo, pembeni mwa kano hiyo kwa upande unaoelekea gumba, na afadhali awe na ultrasaundi. Ikipita kifundo huingia kwenye mfereji ulioelezwa na Guyon mwaka 1861, pembeni mwa kifupa cha pisifomu. Kwa watu wachache ulna hupita juu ya misuli badala ya chini yake, ikaonekana kama vena. Hatari yake ni kubwa, kwani dawa iliyokusudiwa vena ikidungwa humo inaweza kuua tishu za vidole. Kabla ya kudunga chochote mbele ya kiwiko, gusa kama kuna mapigo.

*Upana.* Pale kifundoni haitofautiani sana na radiali. Kwa mtu huyu ni pana kuliko mwenzake, kwa yule ni nyembamba. Kipimo cha ultrasaundi cha nusu dakika kinamaliza ubishi.

*Majirani.* Hapa ndipo inaposhindwa. Neva ya ulna imeambatana nayo ubavuni hadi ndani ya mfereji wa Guyon. Sindano ikipotoka kidogo kuelekea kidole cha mwisho, mgonjwa atahisi mshtuko wa umeme kwenye vidole viwili vya mwisho. Damu ikivilia humo, neva hubanwa mahali pasipo na nafasi. Na nyuma ya ateri hakuna uso mpana wa mfupa kama ule wa radiasi, kuna misuli na kano, kwa hiyo kubana kunahitaji uangalifu zaidi.

*Kinachobaki.* Radiali na tao la ndani, ambalo kama tulivyoona ni kamili karibu kwa kila mtu. Wanaosema ulna haiguswi kwa sababu ndiyo inayolisha mkono wamechukua nusu ya anatomia. Swali gumu ni la mkono ambao radiali yake imeshaziba. Kuna wagonjwa waliofanyiwa uchunguzi kupitia ulna katika hali hiyo na mkono ukabaki salama, kwa kuwa tawi la kati ya mifupa lilipeleka damu ya kutosha. Lakini kuchukua kilichobaki wakati mkono wa pili ni mzima ni ujasiri usio na faida.

*Kazi za baadaye.* Ulna haina foleni ya wanaoisubiri. Fistula huweza kujengwa juu yake, ila si chaguo la kwanza. Kwa hiyo kuitumia ni njia mojawapo ya kuihifadhi radiali.

*Inamfaa nani?* Mtu ambaye radiali yake ni ndogo mno, ina kitanzi au inahifadhiwa kwa kazi nyingine, na aliye mbele ya fundi aliyezoea. Sharti la fundi si la mapambo. Utafiti wa AJULAR wa 2016 ulikuta ulna haipitwi na radiali mikononi mwa wenye uzoefu. Utafiti mwingine wa 2013 ulisimamishwa mapema kwa sababu walioanza na ulna walilazimika mno kubadili njia.

Radiali ndani ya kishimo cha gumba

*Njia na kina.* Baada ya kifundo, radiali hupinda kwenda mgongoni, ikapita chini ya kano mbili za gumba na kuingia kwenye kishimo chenye kano upande huu na upande huu. Sakafu yake ni kifupa cha skafoidi na cha trapeziamu. Kisha huzama kati ya vichwa viwili vya msuli ulio kati ya gumba na kidole cha shahada, ikatokea kiganjani kujenga tao la ndani. Pinda hizo huifanya sehemu hii iwe ngumu kwa waya.

*Upana.* Ni nyembamba kidogo kuliko kifundoni. Tofauti inaweza kuwa chini ya nusu milimita, lakini kwenye ateri ya milimita 2 hiyo ni tofauti kubwa.

*Majirani.* Matawi ya neva ya radiali yanayohisi ngozi hupita juu ya kishimo, pamoja na vena. Ganzi ya mgongo wa gumba ni lalamiko linalowezekana. Chini kuna mfupa, na damu huacha kutoka upesi.

*Kinachobaki.* Hili ndilo lililoipa njia hii umaarufu. Mahali pa kuchoma pako mbele ya pale radiali inapotoa tawi lake la kiganja. Bonge la damu likiziba kishimo, damu ya kigasha bado ina pa kutokea, kwa hiyo radiali ya kifundoni huwa na nafasi nzuri ya kubaki wazi. Katika utafiti wa DISCO RADIAL wa 2022, kuziba kwa radiali ya kigasha kulikuwa kwa nadra pande zote mbili pale kubana kulipofanywa kwa uangalifu: asilimia 0.31 kwa kishimo na 0.91 kwa kifundo, tofauti isiyotosha kutangaza mshindi. Waliolazimika kubadili njia walikuwa wengi zaidi upande wa kishimo. Kwangu somo lake ni kwamba kubana vizuri kuna uzito kuliko mahali pa kuchoma.

*Kazi za baadaye.* Lengo lake ni kuiacha radiali ya kigasha nzima. Lakini katheta bado inapita urefu wake wote na kuusugua ukuta wa ndani, kwa hiyo usidhani ateri haijaguswa.

*Inamfaa nani?* Anayechunguzwa kupitia mkono wa kushoto hasa, kwa kuwa mkono unalala juu ya tumbo bila kupindishwa na daktari hahitaji kuinama kuvuka mwili. Wenye mikono midogo sana itawasumbua.

Kipimo cha Allen kinasema nini?

Edgar Allen alikieleza mwaka 1929 kwa wagonjwa wenye ugonjwa wa kuziba kwa mishipa ya mikono, si kwa ajili ya kuchagua mahali pa kuchoma. Namna inayotumika leo ni hii: mgonjwa anakunja ngumi, unabana ateri zote mbili, anafungua kiganja kilichopauka, unaachia ulna na kuangalia rangi ikirudi. Mtu akinyoosha vidole kupita kiasi, kiganja hubaki cheupe hata kama damu ipo. Wapimaji wawili hawakubaliani kila mara. Mwaka 2004 Barbeau na wenzake walipendekeza kipima oksijeni kwenye gumba wakati radiali imebanwa, kwa wagonjwa 1,010: mawimbi yasipopungua, yakipungua, au yakipotea kisha yakarudi ndani ya dakika 2, mkono unajitosheleza, yasiporudi, haujitoshelezi.

Utafiti wa Valgimigli na wenzake wa 2014 uliwachunguza moyo kupitia radiali hata wale walioshindwa kipimo cha Allen, na mikono yao haikupata ukosefu wa damu. Kwa hiyo kwa katheta inayokaa muda mfupi, kipimo kibaya si katazo. Kwa upasuaji unaoiondoa radiali moja kwa moja, naona ni lazima kupima, na kupima kwa Doppler, yaani ultrasaundi inayoonyesha mwendo wa damu, kwa kuwa ateri iliyoondolewa hairudi.

Kulingana na hali yako

Kipimo kimoja cha gesi za damu: radiali kifundoni. Hakuna haja ya kutafuta pengine.

Kanula ya kukaa siku kadhaa: radiali ya mkono usiotumika sana. Kifundo kikunjwe nyuma kidogo tu wakati wa kuchoma, kisha kirudishwe, maana kukiacha kimepinda kunaumiza neva ya katikati. Mapigo yasipopatikana, ultrasaundi kwanza. Ukishaichoma radiali mara kadhaa bila mafanikio, nenda mkono wa pili, usihamie ulna ya mkono ule ule.

Mgonjwa wa figo ambaye huenda atahitaji kusafishwa damu: uliza kabla ya kugusa mkono wowote. Wataalamu wengi wa figo hutaka radiali na vena za mikono yote miwili zihifadhiwe, na hapo kinena hurudi kuwa chaguo la maana hata kama kwa wengine ni la pili.

Anayetarajiwa kupandikizwa mishipa ya moyo: daktari wa upasuaji aseme anataka radiali ya mkono gani, na huo usiwekewe katheta.

Aliyewahi kupandikizwa kwa ateri ya kifuani upande wa kushoto: mkono wa kushoto huirahisisha kazi, kifundoni au kishimoni.

Mwenye hatari ya kuvuja damu, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda: chagua palipo na mfupa nyuma yake, yaani radiali au kishimo. Ulna iwe ya mwisho.

Fundi anayetumia shina la kiganja kugongea, au anayeshika mashine zinazotetemesha kila siku: ulna inaweza kuwa imeshajeruhiwa dhidi ya ndoana ya kifupa cha hamati bila yeye kujua. Radiali yake huenda ndiyo inayolisha vidole peke yake. Pima zote mbili kwanza, na muulize kama vidole vyake hupauka au huuma kwenye baridi.

Mwenye ugonjwa wa Raynaud uliokithiri (mishipa ya vidole hujikaza kwenye baridi) au skleroderma (ugonjwa unaokaza ngozi na mishipa): ateri za vidole zenyewe ni dhaifu, na tao kamili halitoshi kumlinda. Kama kipimo kinaweza kufanyika bila kuchoma ateri ya mkono, kifanyike hivyo.

Na kama wewe ndiye mgonjwa, mwambie daktari mapema kuhusu figo zako, upasuaji wa mkono uliowahi kufanyiwa, kazi ya mikono yako na mkono unaoutegemea. Baada ya kipimo, mkono ukiwa baridi, ukapauka, ukafa ganzi, au kigasha kikivimba na kukaza huku maumivu yakizidi, ita mhudumu saa hiyo hiyo bila kusubiri asubuhi.